Mwaka Bi Rukia Alipozima Tanuri

Habari za kifo cha Bi Rukia zilinikuta Voi nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu, na kwa kuwa Waislamu hawachelewi kuzika, nilipofika Kuze, Mombasa, kesho yake alikuwa keshapumzishwa. Nilijitanda leso, nikavua viatu mlangoni na kupanda ngazi zile zile zilizokuwa zikinitoa pumzi nikiwa msichana, na sasa zinanitoa pumzi na magoti pia. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, wengine wakisoma juzuu, wengine wakizungumza kwa sauti ya chini. Bi Mwanakombo, jirani wa mlango wa pili, ambaye hata wakati ule nilimwona mzee, alikuwa ameegemezwa mito kwenye kona. "Huyo ni Wakesho wa Rukia," akawaambia wenzake. "Mpisheni. Mkristo wetu huyo." Nikapishwa, nikapewa kikombe cha kahawa. Mazungumzo yalikuwa yamefika pale yanapofika kila Bi Rukia anapotajwa, kwenye mwaka ambao mtaa mzima ulikosa mikate yake. Mama mmoja alikuwa akiwahadithia wasichana. "Salma katoka skuli na njaa yake, masikini, hajui kama lile sinia ni la posa. Kala. Na posa ikishaliwa, imekubaliwa." Wasichana wakaguna. Mimi nilikuwemo chumbani Salma, binti wa marehemu, alipokula, na najua hakuwa na njaa hata kidogo. Lakini matangani si mahali pa kusahihisha watu, hata kwa mwalimu, basi nikanywa kahawa yangu. Salma mwenyewe alikuwa bado njiani kutoka Maskati.

Niliishi katika nyumba ile mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kidato cha nne. Baba alikuwa amehamishwa na kazi ya reli kwenda bara, shule yangu ilikuwa Mombasa, na chumba cha juu kwa Bi Rukia kilikuwa na kitanda kisicho na mtu, hayo yanatosha. Kitanda cha pili kilikuwa cha Salma, binti yake wa pekee. Tulikuwa darasa moja, ingawa yeye alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa kwa sababu alichelewa kuanza shule. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na dirisha lake lilitazama ua, na uani ndiko lilikokuwa tanuri. Bi Rukia alikuwa mwoka mofa, ile mikate migumu ya unga wa mtama inayobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo mpaka iive. Moshi wake ulipanda moja kwa moja kwetu, na sare zangu zilinuka moshi hata zikitoka kufuliwa. Salma aliamka alfajiri kuwasha kuni, akamsaidia mamake kubandika mikate, kisha akabeba beseni hadi kwenye mikahawa ya Makadara kabla ya kengele ya shule. Bi Rukia alikuwa akimwambia kila aingiaye uani, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," na Salma aliendelea kukanda. Mimi nilimwonea wivu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchoka kuwa mkono wa mtu mwingine. Tulikula mofa ya moto kwa samli na chai ya maziwa, na Ijumaa kwa mchuzi wa samaki wa nazi ambao sijawahi kuula tena mahali popote ukawa sawa na ule. Jumapili Bi Rukia alinigongea mlango mwenyewe. "Wakesho, amka. Mungu wako yuwakungoja kanisani, nawe walala."

Mwaka ule mwalimu wetu wa fasihi, Mwalimu Nekesa, mama mmoja wa Bungoma mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliamua tuigize hadithi ya Wagiriki wa kale. Ilikuwa habari ya Demeta, mungu wa kike wa nafaka na mavuno, na binti yake Persefoni, aliyechukuliwa na mfalme wa kuzimu akafanywa malkia huko chini. Mama mtu akamtafuta duniani kote, na kwa uchungu akaizuia ardhi isitoe hata punje. Watu walipokaribia kufa njaa, miungu ikaamuru binti arudishwe. Kumbe alikuwa amekwisha kula kule kuzimu, mbegu chache za komamanga, na anayekula kule ni wa kule. Ikabidi wagawane. Sehemu ya mwaka binti akae kwa mamake, na nchi ichanue. Sehemu ya mwaka ashuke kwa mumewe, na nchi ikauke. Hapo Mwalimu Nekesa alipata taabu kubwa, kwa sababu alitaka tuone miti iliyopukutika majani na watu wanaotetemeka kwa baridi, nasi tulikuwa tumeketi katika joto la kaskazi, blauzi zimetuganda mgongoni, nusu ya darasa imefunga Ramadhani. Msichana mmoja aliuliza kama hiyo baridi ni sawa na ya kusi, ile ya kujifunika shuka. Mwalimu akasema ni zaidi. Akauliza, shuka mbili? Kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wote, nilifanywa mfalme wa kuzimu, nikapakwa ndevu za makaa. Salma akawa Persefoni, na tangu siku ya kwanza alimsumbua mwalimu, kwa sababu kila tulipofika kwenye komamanga, badala ya kungoja nimlishe kwa hila, alinipokonya mkononi akajifanya anakula mwenyewe. "Salma, umedanganywa," Mwalimu Nekesa alisema. "Onyesha kwamba umedanganywa." Salma akamjibu kwa heshima zote, "Mwalimu, mtu mzima atatafuna bila kujua kwamba anatafuna?" Darasa zima likagawanyika juu ya jambo hilo, na tuliendelea kubishana hadi mwalimu wa hesabu akaja kututoa.

Mazoezi mengine tuliyafanya uani, na Bi Rukia akawa anasikiliza huku anafanya kazi zake. Siku moja aliacha unga akaniuliza babake binti ni nani. Nikamwambia ni mkuu wa miungu yote, naye ndiye aliyemkubalia mfalme wa kuzimu. "Astaghfirullahi," akasema. "Na mama mtu?" Nikamwambia hakuulizwa. "Yaani mwanamume ampa mwanamume mwenziwe binti, na aliyemzaa hana habari? Hiyo ni hadithi ya watu wasio adabu." Nikamweleza namna Demeta alivyozuia mimea. "Kafanya vyema," akasema, akirudi kwenye unga wake. "Ningekuwa mimi, hata maji wangeyakosa." Salma alicheka, na mimi nikacheka. Siku ya mchezo wenyewe Bi Rukia alikuja shuleni na beseni la mofa kwa waigizaji wote, akaketi mstari wa mbele, na tulipomaliza alimwendea Mwalimu Nekesa kumuuliza kwa nini mama yule alikubali kugawana. Mwalimu akamwambia hakuwa na njia nyingine. Bi Rukia hakuridhika, niliona usoni.

Posa ilikuja masika, mvua ikinyesha siku nzima na kuni zikigoma kushika. Mwenye kuposa alikuwa Khalfan, mwenyeji wa hapa hapa aliyehamia Maskati, mjane asiye na mtoto, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Salma alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye harusi ya jamaa. Kwa kuwa babake Salma alikuwa marehemu, walii wake, mwenye idhini ya kumwoza, alikuwa Ami Faraj, mdogo wa babake, na Ami Faraj alikubali palepale msikitini, akaja kumpa Bi Rukia habari akiwa bado amesimama mlangoni na mwavuli. Nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia yote. "Shemeji, ni mtu wa heshima, nami nimeshampa neno," alisema. Bi Rukia akamuuliza, "Neno lako au langu?" Akajibiwa kwamba mambo haya ni ya wanaume. "Mtihani wake je?" Akajibiwa kwamba mtihani si mume. Nikasikia mlango unafungwa, na Bi Rukia akarudi uani kupigana na kuni zake mbichi.

Lakini mama naye alikuwa na lake. Katika mtaa ule, baada ya wanaume kusema yao, shangazi za mume huleta sinia la halua na tende, limefunikwa kawa la ukili, na sinia hilo haliguswi mpaka mama wa binti aamue. Akilifunua na kuwagawia majirani, amekubali. Akilirudisha na kawa lake kama lilivyokuja, amekataa, na hakuna maneno yanayosemwa wala mtu anayetahayari. Shangazi za Khalfan walileta lao adhuhuri, wakanywa chai, wakaenda. Bi Rukia alilipandisha chumbani kwetu ili paka wa uani wasilifikie, akaliweka juu ya meza niliyosomea. "Msiliguse," akasema. "Baada ya alasiri lenda kwao." Kisha akavuka kwenda kumwomba Bi Mwanakombo amsindikize, kwa sababu sinia la kukataa halipelekwi na mtu mmoja.

Salma alirudi kutoka Makadara akanikuta nasoma. Tulikuwa tumekula wali na mchuzi mchana huo huo, na akabakisha. Aliliangalia sinia, akaketi kitandani, akainuka, akaliangalia tena. Nikamwambia mamake analirudisha. "Najua," akasema. Kisha akaondoa kawa. Nikamuuliza anafanya nini. "Nataka kwenda, Wakesho," akasema. Nikamuuliza kama anampenda Khalfan. "Khalfan ni mtu taratibu, sina neno naye. Lakini nataka kwenda. Nikikaa hapa mtihani ntapasi, kazi ntapata hapo Makadara, na kila alfajiri ntawasha kuni mpaka nizeeke. Nami sitaweza kumwambia sitaki." Nikamwambia amwambie basi. "Wewe ungeweza?" akaniuliza. Nilimfikiria Bi Rukia na ule mkono wake wa kulia. Salma akamega halua, akala polepole, uso umekunjamana kama anayemeza kwinini, na mimi nikadhani ni woga. Akamega tena. Alikula ya kutosha hata kipofu angeona imeliwa, akafunika, akanawa. "Usimwambie kamwe," akasema. "Akijua nalitaka kumwacha, itamuua." Nikamwahidi. Sikumuelewa, na nilikuwa nimemkasirikia, kwa sababu alikuwa ananiacha na mimi pia.

Bi Rukia na Bi Mwanakombo waliingia wamejitanda buibui, tayari kwa safari. Bi Rukia aliinua kawa ahakikishe kila kitu ki mahali pake. Akasimama hivyo, kawa mkononi. Hakututazama mimi wala binti yake. "Alikuwa na njaa," akamwambia Bi Mwanakombo. "Mtoto katoka Makadara na njaa yake, nami nimemwekea chakula mbele ya mato. Kosa ni langu." Akalifunika sinia, wakatoka nalo wote wawili, na jioni hiyo halua iligawiwa mlango hadi mlango. Siku chache baadaye nilimuuliza kwa nini hakununua halua nyingine akajaza pale palipomegwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haibi. "Nimrejeshee mtu chakula changu nimwambie ni chake?"

Harusi ilikuwa wakati wa kusi, na Salma akapanda ndege na mumewe kabla ya mtihani. Asubuhi iliyofuata niliamka mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na moshi. Nilishuka nikamkuta Bi Rukia ameketi kwenye kigoda mbele ya tanuri, mikono mitupu mapajani. "Namwokea nani?" akasema, ingawa sikuwa nimeuliza. Nilidhani ni ya siku moja. Ikawa wiki, ikawa mwezi. Mikahawa ya Makadara ilituma watu, akawaambia wanunue mikate ya kiwandani. Majirani waligonga na sahani zao wakarudi nazo. Bi Rukia mwenyewe alikuwa akiondoka asubuhi kwenda Majengo kwa mpwa wake aliyejifungua, akashinda akimbembeleza mtoto wa watu, akarudi magharibi. Nilijifunza kujipikia uji kwenye jiko la mafuta ya taa, na nilisoma peke yangu katika chumba ambacho sasa hakikunuka kitu. Nilimkumbuka Salma mno. Nilipofanya mtihani wakati wa vuli, dawati lake lilikuwa limeondolewa, na hilo liliniuma kuliko swali lolote la hesabu. Mwalimu Nekesa alinisimamisha siku moja kuniuliza habari za mama yule wa mikate, nikamwambia ameacha kuoka. Akaniambia nikasome.

Niliporuhusiwa kwenda kwa wazazi, sikwenda. Nilipata kazi ya kuuza vitambaa katika duka moja la Makadara nikisubiri matokeo, na sababu niliyompa baba ni fedha ya matumizi, lakini kweli niliogopa kumwacha Bi Rukia na tanuri lile. Ramadhani ilipokaribia mtaa ukashindwa kuvumilia. Kufuturu bila mofa, kwa watu wa Kuze, si jambo la kusahau kirahisi. Siku moja alasiri waliingia uani imamu wa msikiti wa jirani, mwenye mkahawa mmoja, na nyuma yao Ami Faraj, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Walimwomba, wakamsihi. Imamu alimkumbusha ujira wa kulisha waliofunga. Bi Rukia aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho. "Mimi sina ugomvi na waliofunga," akasema. "Lakini shemeji hapa alinambia mambo haya ni ya wanaume. Basi naoke yeye." Imamu alijikuna ndevu. Ami Faraj akatazama sakafu, kisha, na hapo lazima nimsifu, akainuka akaenda kumpigia Khalfan simu. Aliporudi alisema Khalfan amejibu maneno mawili matatu tu, kama kawaida yake: hakuoa ili amnyime mtu mamake, na Salma atakuja kila mwaka kuanzia Shaabani hadi Idi ipite, nauli juu yake. Bi Rukia alikusanya vikombe. Siku ya pili alinituma nikanunue mtama.

Salma aliingia na sanduku jipya na mkufu shingoni, amenenepa kidogo. Mamake alimwangalia toka juu hadi chini. "Umekonda," akamwambia. "Kuni zi pale." Salma akavua mkufu, akauweka dirishani, akapiga magoti mbele ya tanuri. Nilipanda chumbani nikalala chali nikiungoja moshi uje, na ulipokuja nililia, sijui kwa nini hasa. Baada ya Idi yeye alirudi Maskati, mimi nikaenda chuo cha ualimu, na mwaka wangu wa Kuze ukawa umekwisha.

Nimefundisha hadithi ile ya Wagiriki mara nyingi tangu hapo, na kila mara wanafunzi hubishana kama binti alijua anachokula. Huwaacha wabishane. Ninachowaambia ni kwamba Wagiriki walifungia kurudi kwa binti kwenye majira, kwa hiyo kila mwaka alirudi na maua. Salma alirudi na Ramadhani, na Ramadhani haikai mahali pamoja. Mwanzo alikuja na joto la kaskazi, miaka ikasogea akaja na vuli, kisha na baridi ya kusi, kisha na mvua za masika, mpaka akauzunguka mwaka mzima. Hakuna msimu wa Mombasa ambao hakuwasha kuni za mamake. Katikati ya safari hizo alimaliza masomo huko kwa mumewe, akapata kazi katika maabara ya hospitali, akazaa watoto watatu. Nilipoweza nilikwenda Kuze nikawakuta wote wawili uani, na hata mara moja sikumsikia Bi Rukia akimwuliza habari za siku ile. Wageni walipouliza, alisema mtoto alikuwa na njaa. Salma aliinamisha kichwa akaendelea kukanda, nami nikatazama pembeni. Nikahesabu siri yetu imehifadhika.

Salma alifika siku ya tatu ya matanga, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, buibui limekunjamana, mama mtu mzima mwenye miwani. Alikumbatiwa na kila mtu, akalia, akanyamaza, akaletewa chai. Aliketi kati yangu na Bi Mwanakombo. Na yule mama wa juzi, kwa nia njema kabisa, akaanza tena. "Pole, mwanangu. Ile njaa yako ndiyo iliyokutenga na mamako."

Salma akaweka kikombe chini. "Sikuwa na njaa," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini waliokuwa wakisoma waliacha kusoma. "Nalikula kusudi. Nalitaka kwenda, na sikuweza kumwambia. Miaka yote hii yeye yuwajilaumu kwa kuniwekea chakula, nami namsikiliza. Sasa kafa hajui." Nilimshika mkono. Nikaona wale wazee hawashangai. Walikuwa wanamtazama Bi Mwanakombo.

"Alikuwa akijua," akasema Bi Mwanakombo.

Salma akamgeukia. Bi Mwanakombo alijiinua kwenye mito yake. "Tulipotoka hapo mlangoni na lile sinia, alinishika mkono. Akanambia, Mwanakombo, mwanangu hali halua. Tangu ana meno mawili, hata ya Idi huitema. Huyu ataka kwenda, naye yuwaogopa kunambia. Basi na tuseme alikuwa na njaa, sote, asije akenda kwa watu na moyo mzito. Akatupitia mlango hadi mlango, huku agawa halua, huku atwambia."

Nilijaribu kukumbuka. Miezi yote ile nilikula na Salma sahani moja, na kweli, ila siku ile, sikuwahi kumwona akila halua. Salma alikuwa amejiziba uso kwa viganja viwili, na wanawake wakamwacha alie. Bi Mwanakombo alingoja mpaka akatulia, kisha akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake.

"Umekawia, mwanangu," akamwambia. "Tumechoka kusema urongo."